Jiografia ifundishwe ufukweni, si ubaoni tu

Kijana mmoja wa jamaa zangu, anayesoma sekondari hapa Mombasa, alinijia na karatasi ya mtihani wa jiografia wa miaka iliyopita. Alinionyesha swali lililomtaka achukulie kwamba yeye na wenzake wamekwenda ufukweni kufanya uchunguzi, kisha aeleze walivyojiandaa, waliyoyaona, na taabu walizozipata. Majibu yote alikuwa nayo kichwani. Aliyataja moja baada ya jingine: kuomba ruhusa, kugawana makundi, kuandaa hojaji, jua kali, mvua ya ghafula.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mlikwenda lini?"

Akacheka. "Ami, hatujapata kwenda. Mwalimu alituandikia ubaoni."

Nikamwuliza jambo jingine. Nyumba yao haiko mbali na bahari. Je, leo maji yatakupwa saa ngapi? Hakujua. Lakini alijua vizuri sana jinsi Waholanzi walivyoizuia bahari kwa kuta wakajipatia mashamba, na jinsi ngano inavyolimwa Kanada. Bahari ya Waholanzi aliijua. Bahari ya mlangoni kwao hakuijua.

Simlaumu kijana, wala simlaumu mwalimu wake. Mwalimu ana wanafunzi wengi, ana mtihani unaomngoja, na hana nauli ya basi. Lakini hapana budi tuseme ukweli, kwamba somo linalohusu dunia tumelifungia chumbani. Mtoto wa pwani anafundishwa jiografia kana kwamba anaishi mahali pasipo bahari, pasipo pepo, pasipo mwezi. Na sasa tunadhani dawa ni kuongeza mitambo chumbani humo humo. Naona tumekosea. Mitambo ni mizuri, lakini faida yake huja pale mtoto anapotoka nayo nje, akawa na mzee wa bahari upande mmoja na mwalimu upande wa pili.

Darasa liko mlangoni

Hebu tuanze na maji. Kila mvuvi anajua kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, na kwamba katikati yake kuna maji mafu. Siku za bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Hicho ni kimo cha kuta za nyumba. Mara mbili kila siku bahari hupanda ukuta huo na kushuka, na watoto wetu wako darasani wakichora mchoro wa bahari nyingine.

La ajabu ni kwamba ratiba ya Mwenyezi Mungu imetusaidia. Siku za bamvua hapa kwetu, maji aghalabu hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani wakati wa shule. Mwalimu ahitaji nini? Mti mmoja uliotiwa alama za rangi kila sentimita 10, saa, na daftari. Wanafunzi wausimamishe mti majini, wasome kipimo kila nusu saa, waandike. Kesho yake warudi. Wataona kwamba jana na leo hazifanani, kwani maji yamechelewa kwa dakika kama 50. Hapo mtoto atauliza mwenyewe, "Kwa nini?" Na swali likitoka kwa mtoto, mwalimu amekwisha kufaulu. Atamwambia autazame mwezi, aone kwamba nao kila siku huchelewa kutoka kwa kadiri iyo hiyo.

Baada ya hapo, na wala si kabla, ndipo mwalimu atoe simu yake ya mkononi awaonyeshe jedwali la kupwa na kujaa kwa bandari ya Kilindini. Mtoto aliyejipimia mwenyewe ataisoma ile orodha ya tarakimu kama barua iliyoandikiwa yeye. Asiyepata kupima ataziona tarakimu tu.

Kadhalika na mikoko. Nchi yetu ina misitu ya mikoko ipatayo hekta 61,000, na zaidi ya nusu iko Lamu. Vitabu husema "mikoko" kwa jumla, kana kwamba ni mti mmoja. Mkata boriti atamwonyesha mtoto mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na atamweleza upi husimama mbele ya maji na upi hukaa nyuma penye chumvi nyingi. Atamtajia pia fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja kwa unene wake. Huko Gazi, katika Kwale, wanakijiji tangu mwaka 2013 wanapata fedha kwa kuihifadhi mikoko yao kwa sababu ya hewa ya kaboni inayozuiwa na miti hiyo. Hilo ni somo la jiografia, la uchumi na la majirani, nalo liko mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu.

Kibla na kijiti

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa pande za dunia kwa mshale wa ramani. Kaskazi waliiita kibla, kusini wakaiita suheli kwa jina la nyota, na mashariki matlai, pachomozapo jua. Jina la kibla halikuja bure. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, yaani kama digrii 40 mashariki ya Greenwich. Anayesali Mombasa huelekea kaskazi karibu sawasawa. Lamu iko mashariki kidogo zaidi, na kwa hiyo kibla yake huinamia magharibi kwa kadiri ya digrii mbili na nusu.

Ni watoto wangapi wa madrasa na wa shule wanaolijua jambo hili? Wanaelekea kibla mara tano kila siku, na hakuna aliyewaambia kwamba kila wanaposimama wanaisoma ramani.

Kuna siku mbili katika mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, ambapo jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, ambazo ndizo saa za Makka, huwa ni saa sita na dakika 18 mchana katika Mei, na saa sita na dakika 27 katika Julai. Simamisha kijiti cha mita moja, kiwe wima barabara, katika uwanja wa shule. Dakika hiyo kivuli chake, chenye urefu wa karibu nusu mita kwa Mombasa, huonyesha mstari wa kibla. Kivuli huelekea kusini, na kibla iko upande wa jua. Mstari huo haudanganyi.

Kisha wanafunzi watoe dira iliyo ndani ya simu, wailaze kando ya mstari. Huenda zikapatana, huenda zisipatane. Wakiisogeza simu karibu na mlango wa chuma au gari, sindano itayumba. Hapo watajifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kuwafundisha kwa maneno, kwamba chombo nacho hukosea, na kwamba mwenye elimu ni yule awezaye kukipima. Warudie tena kijiti karibu na tarehe 10 Machi au tarehe 3 Oktoba, waone jua la adhuhuri likipita juu ya vichwa vyao na kivuli kikipotea kabisa. Gharama ya masomo yote hayo ni kijiti kimoja.

Wala tusidhani kwamba kutoka nje kwa ajili ya elimu ni jambo geni kwa Waislamu. Katika karne ya 9, Khalifa al-Ma'mun alituma wataalamu katika uwanda wa Sinjar wapime urefu wa digrii moja ya dunia. Walitembea kwa miguu, wengine kaskazini na wengine kusini, wakipima ardhi kwa kamba mpaka kimo cha nyota kikabadilika. Karne ya 11, al-Biruni alipanda mlima katika nchi ambayo leo ni Pakistan, akautazama upeo wa macho kwa kipimo chake, akahesabu ukubwa wa dunia nzima. Na Ahmad ibn Majid, aliyeandika fawaida za ubaharia mwishoni mwa karne ya 15, aliijua pwani yetu hii mpaka Sofala. Hao wote walikuwa na kitabu, walikuwa na chombo, na walikuwa nje. Mambo hayo matatu hawakuyatenganisha.

Elimu iliyookoa roho

Pengine msomaji atasema haya ni mapambo tu, mtoto afaulu mtihani kwanza. Basi na tukumbuke tarehe 26 Desemba 2004.

Alfajiri ile, yapata saa kumi kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi ya tsunami yakaanza safari. Katika ufuo mmoja wa Phuket, huko Thailand, alikuwako mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, akitembea na wazazi wake. Aliona maji yakitoka povu na kuja juu bila kurudi. Majuma mawili kabla ya hapo, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewaonyesha darasani filamu ya mawimbi yaliyopiga Hawaii mwaka 1946. Mtoto akatambua, akapiga kelele, na ufuo ukahamwa. Watu wapatao mia moja wakasalimika.

Hiyo ni faida ya mtambo na mwalimu. Sasa tazama upande wa pili. Kisiwa cha Simeulue, chenye Waislamu wenzetu, kiko jirani kabisa na pale tetemeko lilipoanzia. Hakikuwa na king'ora wala mtambo wa kuwaonya watu. Lakini mwaka 1907 walipatwa na msiba kama ule, na tangu hapo wazee wakaweka wasia katika hadithi na katika nyimbo za kubembelezea watoto, kwamba ardhi ikitetemeka sana na bahari ikikimbia nyuma, usingoje, kimbilia mlimani. Wenyewe huita jambo hilo smong. Siku ile mwaka 2004, kati ya watu wapatao 78,000 wa kisiwa hicho, waliokufa walikuwa 7. Na ng'ambo yao, katika bara ya Aceh, walikufa watu zaidi ya laki moja na nusu.

Mawimbi hayo hayo yalitufikia na sisi, mchana, baada ya saa nane na zaidi. Somalia walikufa karibu watu 300. Kwetu watu waliondolewa ufukweni na madhara yakawa machache, alhamdulillahi. Lakini fikiri jambo moja. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, yaani ilikuwa bamvua, na mawimbi yalifika maji yakiwa hayajajaa. Lau yangalifika saa kumi alasiri, bamvua ikiwa imejaa, hali ingalikuwa nyingine kabisa. Ni mtoto gani wa shule aliyepata kuelezwa hivyo? Na mzee gani ameliweka jambo hilo katika wimbo?

Ndiyo maana nasema tunahitaji vyote viwili. Tilly Smith aliokolewa na filamu, watu wa Simeulue wakaokolewa na wazee wao. Mtoto wetu tunamnyima wazee, na filamu tunamwonyesha bila kumtoa nje.

Chombo na mwenye kukitumia

Pwani yetu si ngeni kwa mitambo ya angani. Karibu na Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, Wataliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco tangu mwaka 1967 hadi mwaka 1988. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mwaka 2023, tarehe 15 Aprili, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti ya kupiga picha za ardhi, kwa roketi kutoka Marekani. Na mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Kwa hiyo vyombo tunavyo. Lakini ziko shule ambazo vishikwambi hivyo hulala kabatini, na ziko ambazo huwashwa ili mtoto asome maneno yale yale yaliyoko kitabuni. Huko ni kubadilisha ubao tu.

Tazama jinsi mambo yangeweza kuwa. Mto Athi huanza bara, karibu na Nairobi, ukaitwa Galana upitapo Tsavo, ukaingia baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini ya Malindi. Huja na udongo wa mashamba ya bara, na ndio unaoigeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa mvua na kuujaza ufuo mchanga. Picha za setilaiti za Landsat zimepigwa tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo. Mwalimu wa Malindi aweza kuweka picha ya zamani na ya sasa mbele ya wanafunzi, kisha akawapeleka mlangoni pa mto, wakateka maji kwa chupa, wakaacha udongo ukatuama, wakaupima. Kisha wamwulize mzee wa hapo, "Babu, ulipokuwa mdogo maji yalifika wapi?" Picha itawaonyesha umbo, chupa iwaonyeshe sababu, na mzee awaambie watu waliathirikaje. Ukiondoa kimojawapo, somo limekatika.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema usiutupe ule ulio wako kwa kuwa umeona kipya. Nahodha anayejua kusi, kaskazi na tanga mbili ni mbachao wetu. Nahodha huyo leo ana miaka sabini na themanini, na akifa hatutamkuta katika simu.

Hofu za wazazi na za walimu

Najua yatakayosemwa. Kwanza, fedha. Lakini shule nyingi za mwambao wetu ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka bahari, kijito, machimbo ya matumbawe au shamba la minazi. Jiografia haidai hoteli.

Pili, hatari. Ni kweli, bahari haina mzaha. Lakini mtoto asiyefundishwa bahari na mtu mzima atakwenda mwenyewe Jumapili pamoja na wenzake, na huyo ndiye tunayemwogopea. Waende kwa makundi madogo, pamoja na mvuvi anayepajua mahali, wakati maji yanakupwa, wala si yanapojaa.

Tatu, wasichana. Wazazi wengine hawapendi binti zao wapelekwe ufukweni ovyo, na wana haki ya kuuliza. Basi waende na walimu wanawake, kwa mavazi yao ya heshima, mahali pasipo na vurugu. Mama zetu waliokota kombe na kuvua kwa tandilo miambani siku zote, na heshima yao haikupungua. Kumbakiza msichana darasani huku ndugu yake akijifunza ni kumdhulumu.

Nne, simu. Shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, nami sipingi. Simu moja ya mwalimu yatosha kwa darasa zima. Tena ni bora hivyo, kwani vijana watatazama bahari zaidi kuliko kioo.

Mtaala wa umilisi ulioingia madarasani mwaka 2019 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Basi na tutende. Ombi langu si kubwa. Kila shule ya pwani iweke siku moja ya bamvua katika kila muhula, na imwalike mzee mmoja wa bahari, imkaribishe kwa heshima ya mwalimu na imlipe nauli na kahawa yake. Madrasa nazo zisiachwe nyuma, kwani mwezi na kibla ni masomo yao kabla hayajawa ya mtu mwingine.

Namalizia kwa yule kijana wangu. Bamvua iliyofuata tulishuka pwani, yeye na mimi na mvuvi mmoja mzee. Kijana alisoma katika simu maji yatakapokupwa na yatakapoanza kurudi. Mzee akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akamshika mkono akamwonyesha bonde katikati yetu na ufuo, ambalo wakati huo lilikuwa na maji ya kifundo cha mguu.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "maji yakirudi hayaji usoni pako. Huanza kujaa pale, nyuma yako. Mwenye kutazama bahari kuu hushtukia ameshazingirwa."

Simu ilikuwa imetuambia saa. Mzee alituambia mahali. Kijana aliyaandika yote mawili katika daftari lake, na mara hii hakulazimika kuandika "tuchukulie".